Akiba Haiozi? Haja ya Ghala la Kupanga katika Milima ya Usambara

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli kwa fedha iliyofungwa kibindoni, lakini mkulima wa Lushoto aliyepata kufungua gunia la viazi lililokaa majuma kadhaa katika kona ya nyumba anajua kwamba akiba huoza, huchipua, huliwa na hunuka. Yafaa basi methali hiyo iongezewe sharti moja: akiba haiozi endapo imewekwa na mtu ajuaye kwa nini vitu huoza. Sharti hilo ndilo msingi wa makala haya, na ndilo msingi wa biashara ambayo haijapewa nafasi yake katika milima ya Usambara, yaani biashara ya kuwapangishia watu mahali pa kuweka mali zao.

Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mombo, iliyoko tambarare kwenye kimo cha mita 400 hivi, barabara hupanda kwa kona nyingi kupitia Soni. Juu huko hulimwa kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya, maharagwe, mahindi na matunda ya nchi za baridi, na malori hushuka na mazao hayo kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Ardhi ni ya rutuba na watu ni wenye bidii. Hata hivyo, mkulima aliyefikisha kabichi zake sokoni Lukozi asubuhi hana hiari ila kuziuza kabla ya jua kuchwa, kwa bei yoyote atakayoikuta. Hawezi kuzirudisha kilimani, wala hana mahali pa kuzilaza. Mnunuzi anaijua hali hiyo vizuri, na ndiye apangaye bei.

Shida hiyo si ya mkulima peke yake. Muuza mitumba hubeba robota lake kila jioni kwa kukosa chumba karibu na soko. Mtu anayejenga kidogo kidogo hununua mifuko ya saruji, na ukungu wa milimani huigeuza mawe kabla fundi hajafika. Mtumishi aliyehamishwa ghafula huacha vyombo vyake kwa jirani na kumwachia jirani huyo mzigo wa lawama. Wote hao wanahitaji kitu kimoja, nacho ni nafasi safi, kavu, yenye kufuli, inayolipiwa kwa mwezi au kwa gunia.

Katika nchi ya Marekani, hasa tangu miaka ya 1960, biashara ya kupangisha vyumba vya kuwekea vitu ilienea sana, na kila mpangaji huwa na ufunguo wake. Kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wazo la kuweka mali kwa mtu mwingine kwa malipo si geni, kwa kuwa maghala ya Unguja na Mombasa yalitunza karafuu na bidhaa nyingine za biashara ya bahari kwa vizazi vingi. Jipya ni kulileta wazo hilo kwa mtu wa magunia matano, na kulileta pamoja na elimu yake. Maana ghala lisilo na elimu ni nyumba tu, na huenda likawa nyumba ya hatari.

Panya darini

Hatari hiyo inajulikana Lushoto kuliko karibu kila mahali nchini Tanzania. Kuanzia mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, ugonjwa wa tauni ulizuka mara kwa mara katika vijiji vya Usambara Magharibi. Maelfu ya watu waliugua na mamia walifariki. Watafiti waliona kwamba wanawake na watoto ndio walioshikwa zaidi.

Tauni husababishwa na bakteria aitwaye Yersinia pestis, aliyegunduliwa na Alexandre Yersin katika mji wa Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye, mwaka 1898, Paul-Louis Simond alionyesha huko Karachi kwamba kiroboto ndiye anayeuchukua ugonjwa huo kutoka kwa panya mgonjwa na kuupeleka kwa mwingine. Panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu penginepo. Ikiwa panya amefia ndani ya nyumba, damu iliyo karibu ni ya mtu aliyelala.

Sasa na itazamwe nyumba ya kawaida ya kijijini. Mahindi hupandishwa darini, juu ya jiko. Desturi hiyo haikuanzishwa na wajinga, kwa kuwa moshi huyakausha mahindi na kuwafukuza wadudu, na mwenye nyumba huilinda mali yake kwa kulala chini yake. Lakini ghala hilo la darini humwalika panya akae pamoja na binadamu usiku kucha. Chakula, panya, kiroboto na mtoto hukutana chini ya paa moja.

Hapana budi kusema wazi kwamba habari ya tauni ni pana. Wamo panya wa mashambani na wa porini, na wamo viroboto wa aina mbalimbali. Ghala peke yake halifuti ugonjwa. Lakini kukitenga chakula na kitanda ni hatua ambayo haihitaji maabara wala daktari. Kwa sababu hiyo, anayejenga ghala la kupanga katika kijiji cha Usambara hafanyi biashara tu, bali anaigusa afya ya jirani zake, kwa kheri au kwa shari. Mahindi ya kaya mia moja yakikusanywa mahali pamoja bila uangalifu, watakusanyika na panya wa kaya mia moja.

Hivyo jengo lenyewe halina budi kuwa ngome. Sakafu iwe ya saruji isiyo na nyufa. Milango ikazwe bati chini. Matundu ya hewa yafungwe wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 6. Kihenge kinachosimama juu ya miguu kivishwe mikono ya bati laini ambayo panya hawezi kuiparamia. Magunia yapangwe juu ya vichanja vya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili mfagiaji aweze kupita pande zote. Tena, mahali penye historia ya tauni, haifai kukimbilia sumu ya panya kabla ya kuwashughulikia viroboto, kwa kuwa kuua panya kwa wingi huwaachilia viroboto wao wahamie kwa watu.

Kwa nini vitu huoza

Mwanafunzi wa kidato cha pili anafundishwa kwamba mimea hupumua. Mara nyingi hasahihishwi dhana yake kwamba kupumua huisha siku ya mavuno. Kabichi iliyokatwa, kiazi kilichochimbwa na punje ya mahindi iliyokauka vyote bado vi hai. Vinatumia oksijeni, vinateketeza sukari yao, vinatoa maji, joto na kabonidioksidi. Kwa kila nyuzi 10 za Sentigredi zinazoongezeka, kasi ya kazi hiyo huzidi mara mbili hadi tatu. Kabichi zilizorundikwa katikati ya lori hujipasha moto zenyewe kabla ya kuguswa na jua la Chalinze.

Hapa milima ya Usambara ina utajiri usiohesabiwa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Lushoto, kwa hiyo, imejaliwa na maumbile jokofu ambalo mfanyabiashara wa Dar es Salaam hulilipia umeme kila mwezi. Ghala lenye kuta nene, paa lenye kivuli, na madirisha yanayofunguliwa usiku na kufungwa mchana, huweza kuutunza ubaridi wa usiku hadi alasiri. Kabichi ikivunwa alfajiri na kulazwa usiku mmoja katika ghala la namna hiyo, huanza safari ya kwenda tambarare ikiwa imepoa, na huifikia Dar es Salaam ikiwa na maisha marefu zaidi mbele yake.

Hata hivyo, dawa ya zao moja ni sumu ya jingine. Viazi vinataka ubaridi, giza, na hewa yenye unyevu wa asilimia 90 hivi, la sivyo hunyauka. Mahindi yanataka hewa kavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 70 hivi, la sivyo huota ukungu. Viazi vya chakula vikipata mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu iitwayo solanini. Kinyume chake, viazi vya mbegu hufaidika na mwanga hafifu, kwa kuwa machipukizi yake huwa mafupi na yenye nguvu. Njia hiyo ilienezwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru. Matunda yanayoiva nayo hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huzifanya karoti ziwe chungu na majani ya kabichi yageuke manjano.

Ni kosa basi kujenga chumba kimoja kikubwa na kukiita ghala la kila kitu. Ghala la kupanga linafanana na nyumba ya wapangaji, na mwenye nyumba mwenye busara hamweki mpiga ngoma karibu na mgonjwa. Nafaka iwe na upande wake, viazi upande wao, mboga na matunda upande wao. Saruji na vyombo viwe mahali pakavu kabisa. Dawa za mashamba, petroli na mafuta ya taa visiingie kamwe katika jengo lenye chakula.

Gunia lililopungua

Katika matatizo yote ya biashara hii, lililo kubwa si panya wala ukungu, bali ni kutoaminiana. Na hapa pia elimu ya darasani ina neno la kusema.

Mkulima huleta gunia la mahindi lenye kilo 100. Baada ya miezi mitatu hulipima na kukuta kilo 94. Mara moja mtunza ghala huitwa mwizi. Lakini na ifanywe hesabu. Ikiwa mahindi yaliingia yakiwa na unyevu wa asilimia 18, ndani ya gunia mlikuwa na kilo 18 za maji na kilo 82 za mahindi makavu. Yakikauka hadi asilimia 13, kiwango kinachofaa kwa kuhifadhi, kilo zile 82 zitakuwa asilimia 87 ya uzito mpya. Ukigawanya 82 kwa 0.87 unapata kilo 94 na robo. Karibu kilo 6 zimepaa hewani kama mvuke, na hakuna aliyeiba hata punje moja.

Kinyume chake nacho ni kweli, na ni cha hatari zaidi. Mahindi makavu ya asilimia 13 yakiachwa katika ukungu hadi yafikie asilimia 15, kilo 100 huwa kilo 102 na zaidi. Mtunza ghala asiye mwaminifu aweza kuchota kilo mbili za mahindi, akamrudishia mwenyewe gunia la kilo 100 lililojaa maji, na mizani ikamshuhudia kuwa mkweli. Uzito peke yake, kwa hiyo, ni shahidi asiyetosha. Kila gunia liandikwe uzito na unyevu siku ya kuingia, na vyote viwili vipimwe tena siku ya kutoka.

Kadhalika, mali ipokewe kwa kilo na si kwa idadi ya magunia. Wakulima wa Lushoto wameumizwa vya kutosha na lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu. Ghala linalopima kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo huwa shule ya haki kwa soko zima.

Tanzania tayari ina mfano wa kuigwa. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Namba 10 ya mwaka 2005, ilimpa mwenye mali haki ya kupewa hati inayoonyesha kiasi na ubora wa mazao aliyoyaweka, na hati hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Utaratibu huo ulipata umaarufu katika korosho za Mtwara tangu msimu wa 2007/2008. Ghala dogo la kijijini huenda lisifikie masharti yote ya sheria hiyo, lakini laweza kuiga roho yake. Karatasi iwe na nakala mbili na sahihi mbili, isemeke wazi kilichowekwa, hali yake, ada yake, na nani atabeba hasara ikitokea.

Vifaa vinavyofaa

Wapo wanaodhani kwamba teknolojia ni mashine ya bei kubwa kutoka ng'ambo. Kwa ghala la Lushoto, vifaa vya kwanza ni mizani, kipimajoto, kitabu cha kumbukumbu na ufagio. Baada ya hivyo vinaweza kufuata vingine.

Mfuko usiopitisha hewa ni mojawapo. Wazo lake ni jepesi. Nafaka kavu hufungwa ndani ya tabaka za plastiki, wadudu waliomo humaliza oksijeni kwa kupumua kwao wenyewe, kisha hudhoofika na kufa bila dawa. Mifuko ya aina ya PICS ilianzia katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, uliofanywa kwa ajili ya wakulima wa kunde nchini Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Inafaa hasa kupambana na dumuzi, mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ambaye alionekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akapewa na wakulima jina la Scania kwa jinsi anavyobomoa. Lakini mfuko huo una masharti mawili. Nafaka iwe imekauka kweli, na panya asiufikie, maana tundu moja la jino lake hurudisha hewa na kuharibu kazi yote. Mfuko bora ndani ya dari yenye panya ni fedha iliyotupwa.

Ukaushaji nao si jambo la uzito tu. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ghala linalopokea nafaka bila kupima unyevu linahifadhi sumu kwa ada.

Simu ya mkononi imeongeza uwezo mwingine. Tangu huduma za fedha kwa simu zienee nchini kuanzia mwaka 2008, ada ndogo za kila mwezi zaweza kulipwa bila mpangaji kushuka mlimani, na ujumbe mfupi waweza kumjulisha kwamba mali yake imekaguliwa. Taa na vipimajoto vya umeme vyaweza kuendeshwa kwa nguvu ya jua. Lakini hakuna chombo kati ya hivyo kitakachofanya kazi ya mtu anayezunguka ghala kila asubuhi akinusa, akigusa magunia kwa mkono kutafuta joto, na akiandika alichokiona.

Hoja za wanaopinga

Wapinzani wa wazo hili wana hoja zisizopaswa kudharauliwa. Wanasema njia za milimani ni mbaya, na kwamba mama aliyebeba mahindi kichwani hataki kuyapeleka mbali na kuyafuata debe kwa debe. Ni kweli. Kwa hiyo ghala lisiwe moja la wilaya, bali yawe madogo mengi, karibu na makazi, na kaya ibaki na chakula cha majuma machache katika pipa la bati lenye kifuniko. Wanasema pia kwamba moto mmoja au mwizi mmoja aweza kuangamiza mali ya watu wengi. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuta za kutenganisha vyumba, marufuku ya moto, na kufuli mbili, moja ya mtunza ghala na moja ya mwenye mali.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama. Mkulima atalipa ada kutoka wapi? Jibu ni kwamba analipa tayari. Hulipa kwa kuuza mahindi yakiwa rahisi na kuyanunua yakiwa ghali, kwa viazi alivyovitupa, kwa punje zilizoliwa na dumuzi, na katika miaka mibaya alilipa kwa maisha ya watoto. Ada ya ghala inaonekana kubwa kwa sababu imeandikwa. Hasara ya dari haijapata kuandikwa.

Shule zaweza kuanza kuiandika, na kazi hiyo haingoji fedha wala wataalamu. Wanafunzi waweza kuweka vipimajoto viwili ukutani, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa chenye maji, na kwa tofauti yao wakaujua ukavu wa hewa ya kijiji chao mwezi kwa mwezi. Waweza kutia punje za mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, wakatikisa kwa dakika chache na kuacha itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yenye unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Waweza kupima gunia moja la nyumbani siku ya mavuno na kulipima tena kila mwezi, wakitenganisha kilichopotea kwa mvuke, kilicholiwa na wadudu na kilichochukuliwa na panya. Mwalimu wa hesabu, wa bayolojia na wa fizikia watakutana katika gunia hilo moja.

Shule iliyofanya hivyo kwa mwaka mmoja itakuwa na takwimu za kijiji chake zinazoweza kumshawishi mzee wa kijiji, chama cha ushirika au mfanyabiashara mwenye fedha kidogo kuliko hotuba yoyote. Na siku ghala la kwanza litakapofunguliwa, mtunza ghala anayefaa huenda akawa ni mmoja wa vijana hao, ajuaye kwamba gunia laweza kupungua bila mwizi na kuongezeka bila baraka. Mikononi mwa mtu wa namna hiyo ndipo akiba haiozi.